Sinki Lisilo na Bomba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemwona mtu akiondoa ukuta wa jikoni kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika kikombe cha chai. Hakuguna wala hakutoa jasho. Aliusukuma tu, ukaondoka zake juu ya magurudumu madogo, na sisi tuliokuwa tumekaa ndani ya hilo jiko tukajikuta nje bila kuinuka. Nilipiga ukelele. Mwalimu akauliza, "Umeumia?" Nikasema hapana, nimeshtuka tu.

"Basi nenda kaandike," akasema. "Kila kitakachokushtua hapa kiandike siku hiyohiyo. Ukishakizoea hutakiona tena."

Ndiyo hivi naandika. Kwa kawaida mimi si mtu wa shajara. Mimi ni mtu wa kusema papo hapo na kujuta baadaye. Lakini tangu kampuni ilipoleta mashine ya kupokea simu na kuniambia mimi niliyekuwa nikizipokea nikapumzike, sina wa kumsemea ila Baba, na Baba siku hizi ananikubalia kila kitu mpaka ubishi hauna raha.

Kozi hii ya kutengeneza filamu ni ya msimu mmoja wa mvua. Studio yenyewe ilikuwa ghala la magodoro, na magodoro bado yapo, yamesimamishwa kwenye kuta zote ili yameze mwangwi. Paa ni bati. Mwishoni kila mmoja wetu atatengeneza filamu ya dakika nne, na atakayefanya vizuri atabakizwa kazini. Nimeshaamua atakayebaki ni mimi. Wenzangu bado hawajapata habari.

Jumatano, 5 Machi

Machozi ya kwenye filamu ni dawa ya mafua! Unapakwa kidogo chini ya jicho, unalia kama umefiwa. Mvua ni mpira wa bustani. Mfupa ukivunjika, hiyo ni karoti mtu anaikata katikati mbele ya maikrofoni. Nimerudi nyumbani na hasira za mtu aliyeibiwa. Miaka yote hii nimelowesha leso zangu kwa ajili ya watu waliopakwa dawa ya mafua!

Nikamsimulia Baba, akacheka mpaka akakohoa. Baba ni fundi bomba. Hajastaafu, kwa sababu anasema mabomba nayo hayajastaafu kupasuka. Tunaishi wawili tangu ndoa yangu ilipovunjika: nyumba yake, kelele zangu. Akaniletea chai, nikanywa. Akaniletea nyingine, nikanywa. Alipokuja na ya tatu nikamwambia, "Baba, unataka niogelee?" Akanitazama usoni kidogo, halafu akacheka. Mwanamume mwenye upendo wa namna hii sikumpata kwenye ndoa.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Ikipiga lile bati hatusikiani hata tukipigana kelele, seuze kurekodi. Tumekaa juu ya magodoro tukingoja ikatike. Haikukatika.

Jumapili, 9 Machi

Dada amekuja, tumegombana, ameondoka bila kula.

Dada ni nesi, na kama manesi wote akikaa kwenye kiti anakitazama kama kina homa. Leo alifungua friji kutafuta maziwa, akatoka na spana. Akaiweka mezani mbele yangu kana kwamba mimi ndiye niliyeizaa.

"Hii imefikaje huku?"

"Baba aliisahau. Kwani wewe hujawahi kusahau kitu?"

"Mdogo wangu, Baba anasahau. Simaanishi spana tu. Tangu nifike ameniuliza mara tatu kama watoto wamefunga shule. Nataka akaonwe na daktari. Na hilo sanduku lake la vyombo liwekwe mahali, asiende tena kupanda mapaa ya watu peke yake."

Nikamwambia mimi ndiye ninayekaa na Baba, yeye anakuja Jumapili kama mkaguzi. Nikamwambia anataka kumzeesha kabla ya siku zake. Nikamwambia Baba ana akili kuliko sisi wawili tukijumlishwa, tatizo ni kwamba yeye hajui utani wake. Dada alichukua mkoba akatoka, na Baba akaja kutoka uani akaniuliza, "Dada yako yuko wapi? Si alisema atakuja leo?"

Ona huyo! Utani huo angeufanya mbele yake, hata Dada angecheka.

Jumatano, 12 Machi

Leo tumegawanywa wawili wawili. Mimi nimepewa Mrefu, kijana aliyekuwa dereva wa gari la mikate, miguu yake inafika mahali kabla yake. Mimi naongoza, yeye anashika kamera. Ana macho mazuri, sikatai, lakini ana ugonjwa mmoja: ukisema "kata" anatoa jicho kwenye kamera, anajinyoosha mgongo, anaanza kuzungumza, na kamera bado inaendelea kurekodi. Mwalimu anamwambia kila siku, "Nikisema kata, kidole chako kinakuwa wapi? Likizo?" Mrefu anaomba radhi kwa heshima zote, kisha anarudia kosa lile lile.

Nimejifunza pia kwamba tukio moja linapigwa mara nyingi: kwa mbali, kwa karibu, toka upande huu na ule, na kila marudio wanayaita teki. Mwigizaji anatakiwa kurudia kila kitu vilevile, na kushangaa upya jambo analolijua fika. Mwalimu anasema hapo ndipo wengi wanapofia. Teki ya kwanza wanashtuka, ya tatu wanakumbuka kushtuka, ya sita wanapiga miayo.

Jumamosi, 15 Machi

Hadithi yangu imepita! Mzee yuko jikoni anaosha vikombe viwili, anamsubiri binti yake. Anasikia mlango ukibishwa. Anageuka. Basi. Mwalimu alisema ni ndogo, na ndogo ndiyo ngumu.

Tatizo ni mzee. Yule mwigizaji tuliyeahidiwa amekohoa wiki nzima. Nikasema, "Mimi ninaye mmoja nyumbani." Nilipomweleza Baba akavimba kichwa papo hapo, akaenda kunyoa ndevu.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya kwanza ya Baba. Nimevunjika mbavu.

Aliingia na shati lake jeupe, akasalimia kila mtu, vijana wote "shikamoo mzee, shikamoo baba", naye "marahaba" huku na kule kama waziri. Akaonyeshwa jiko. Akaenda moja kwa moja kwenye sinki, akafungua koki, hakuna maji. Akainama, akachungulia chini. Akainuka amepauka kabisa.

"Hili sinki halina bomba!"

Studio nzima ililipuka. Mwalimu, ambaye sikuwahi kuona meno yake, alishika meza. Tukamweleza kwamba ni jiko la picha tu, maji yatatoka kwenye ndoo, hakuna kinachokwenda popote. Baba akatutazama mmoja mmoja, naye akacheka. "Aliyefunga hili," akasema, "afungwe yeye."

Kisha tukapiga. Mrefu, kamera ikiwa juu ya miguu yake mitatu, akanyoosha mkono pembeni akagonga kipande cha ubao kuwa ndiyo mlango. Ngo, ngo, ngo. Baba akageuka. Jamani, ule uso! Macho yalifunguka, midomo ikaachana, kikombe kikabaki hewani kinadondosha maji. Tukarudia, uso ule ule. Tukarudia tena. Mwalimu akaninong'oneza, "Huyu ulikuwa umemficha wapi?"

Mvua ikaja, tukafunga.

Alhamisi, 20 Machi

Baba kaingia, kaenda kwenye sinki, kainama, kainuka. "Hili sinki halina bomba!" Wote hoi. Mwalimu anasema wachekeshaji wa kweli huwa hawachoki na neno lao moja.

Tulipiga kidogo, bati likaanza kulia.

Jumatatu, 24 Machi

"Hili sinki halina bomba!" Safari hii Mrefu alilitamka pamoja naye, kama kiitikio. Baba akamtazama Mrefu kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Halafu akacheka.

Teki saba. Ya saba ilikuwa kama ya kwanza.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua kutwa. Magodoro ya upande wa mlango yamelowa, studio inanuka kama mbwa.

Jumamosi, 29 Machi

Tumemaliza kipande cha mlango, limebaki tukio la kuosha vikombe tu. Mwalimu aliwakusanya wote, akasema mbele ya Baba kwamba amefanya kazi hii tangu akiwa msichana na hajaona mtu anayeshtuka upya kila mara namna ile bila kufundishwa. Baba akainamisha kichwa kama bwana harusi. Mimi nikajiona tayari nina funguo za studio mfukoni.

Tulirudi kwa miguu chini ya mwavuli mmoja. Tukiwa karibu na nyumbani akaniuliza, "Yule aliyekuwa anabisha mlango alikuwa nani?"

"Mrefu, Baba. Anagonga ubao."

Akaitikia kwa kichwa. Tulipofika getini akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, "Na yule aliyebisha, mlimfungulia?"

Nimeshangaa mno. Mwalimu alituambia waigizaji wakubwa huingia ndani ya mhusika wakashindwa kutoka, nami nilidhani ni kupiga chuku. Kumbe kweli, na imetokea nyumbani kwangu.

Jumatano, 2 Aprili

Sikutaka kuandika leo. Nitaandika hivyohivyo.

Leo ilikuwa siku yangu ya kwanza katika chumba cha kuhariri. Ni chumba kidogo kisicho na dirisha, kompyuta moja, viti viwili, feni inayolia. Mwalimu alinionyesha jinsi ya kupanga teki zote za tukio moja kwa mfuatano, nizitazame bila kuruka, nichague. Akaniachia, akaenda kufundisha wengine.

Nikazitazama. Teki ya kwanza, Baba anageuka, ule uso. Nikasema "kata" mwenyewe, na kwenye picha nikasikia sauti yangu ikisema "kata". Lakini picha haikukatika, kwa sababu kidole cha Mrefu kilikuwa likizo kama kawaida. Nikatabasamu. Nikaacha iendelee.

Baba, kwenye picha, hakujua kwamba tumemaliza. Aliweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda mlangoni. Akafungua. Nyuma ya ule mlango kuna godoro tu. Akasimama akilitazama lile godoro. Nyuma ya kamera sisi tulikuwa tunacheka. Nasikia kicheko changu mimi, ndicho kikubwa kuliko vyote. Baba akageuka, akatutazama. Macho yake yalikwenda kwa Mwalimu, yakaja kwangu, yakaenda kwa Mrefu, yakarudi kwangu. Yalikuwa yanatafuta kitu kwenye nyuso zetu. Alipokipata, akacheka.

Nikasema moyoni, hii ni bahati mbaya ya teki moja. Nikafungua ya pili. Kikombe chini, mikono kwenye suruali, mlangoni, godoro. Macho yakatuzunguka. Akacheka.

Ya tatu. Ya nne. Nikawa nazifungua upesi upesi, nikitafuta hata moja ambayo anacheka kabla ya kututazama. Niliitafuta kama mtu anayetafuta mtoto wake sokoni. Haikuwepo. Siku zote zile, teki zote zile, alikwenda kumfungulia aliyebisha, akakuta godoro, akatuuliza kwa macho kama ni jambo la kuchekesha, nasi tukamjibu kwamba ndiyo.

Hakuwa akirudia kushtuka. Alikuwa anashtuka. Kwake hakukuwa na teki ya pili, kila moja ilikuwa ndiyo kwanza.

Mungu wangu, na lile sinki. Nilizima kompyuta nikajikuta bado naliona. Amepauka, ameshika magoti, fundi bomba mzima anaambiwa na watu wanaocheka kwamba jambo alilolikuta hivi punde si jipya. Na yale macho ya kuzunguka nimeyaona mezani kwetu. Nimeyaona nilipomuuliza kama anataka niogelee. Miezi yote hii ananitazama usoni ajue acheke au anyamaze, na mimi naita upendo, naita utani, naita akili kuliko sisi wawili tukijumlishwa.

Mwalimu alinikuta nimekaa gizani. Akauliza nimechagua ipi. Nikasema zote ni nzuri. Nikaomba ruhusa.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa mlangoni. "Umekuja!" akasema, kwa uso ule. Nilimshika mkono, nikaingia naye ndani. Akaniletea chai. Akaniletea nyingine. Nimekunywa zote.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimempigia Dada. Nilisema "Dada" tu. Akasema, "Nakuja."

Jumatatu, 7 Aprili

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani shingoni. Alimpa Baba maneno machache ayashike, akazungumza naye habari nyingine, kisha akamtaka ayaseme. Baba akasema, "Daktari, maneno yako nimeyaweka mahali pazuri mno, hata mimi sipaoni." Daktari alicheka kwa dhati. Kisha akavaa miwani akaandika.

Ugonjwa upo, na umeanza zamani kidogo. Dawa zitaupunguza mwendo, haziwezi kuurudisha nyuma. Aliyasema mbele ya Baba mwenyewe, bila kunong'ona, na kwa hilo nitamheshimu daima. Dada alinishika mkono tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakusema "nilikuambia". Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo, nikapigwa na bumbuazi lilipokosekana.

Jumatano, 9 Aprili

Nimezungumza na Baba asubuhi, wakati akili yake imetulia. Alikuwa uani anapaka grisi vyombo vyake, mvua imepumzika.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Kujua nini, mama?"

"Kwamba unasahau."

Akafuta spana taratibu. "Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Sasa hilo ningelikumbuka, si ningekuwa mzima?" Akanitazama, na kwa mara ya kwanza sikumpa uso wowote wa kusoma. Akaendelea mwenyewe. "Mkicheka, nacheka. Mkinyamaza, nanyamaza. Mkisema jambo kama ninalijua, nasema naam. Kazi ngumu hiyo, mwanangu. Nikiingia chumbani kulala nimechoka kuliko siku za kuchimba mitaro."

Nilikaa chini, kwenye saruji iliyolowa. Yaani nimelipa ada nikajifunze uigizaji kwenye ghala la magodoro, na mwigizaji nakula naye meza moja. Nyumbani ndiko alikokuwa akiigiza, kwa ajili yangu, nisishtuke. Kule studio, kwenye jiko la mbao, ndiko alikokuwa yeye mwenyewe.

Nikamwambia nimeamua kuiacha filamu. Akakunja uso.

"Kwa nini?"

"Tulikucheka, Baba. Siku zote zile. Mimi nikiwa wa kwanza."

"Mlikuwa wengi?"

"Wote."

"Na nilicheza vizuri?"

"Kuliko mtu yeyote."

"Basi maliza kazi yako. Mtu haachi bomba nusu." Akafunga sanduku la vyombo, akalikalia. "Mimi ninachoogopa ni kimoja tu. Dada yako anataka kulificha hili. Siku mkinichukulia hili sanduku nitakuwa mzee wa kukaa tu, anayengoja kubishiwa mlango. Na yule mzee wa kwenye hadithi yako, nikuambie kweli? Anachosha. Mpe kazi."

Baada ya saa moja aliniuliza kwa nini nguo yangu imelowa nyuma. Nikamweleza yote upya. Akasikitika upya. Akasema tena niimalize.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia Mwalimu. Alikaa juu ya godoro kama aliyesukumwa. "Nilimsifia," akasema. "Mbele ya watu wote, nilimsifia." Mrefu alitoka nje akasimama kwenye mvua bila mwavuli, akarudi amelowa, hakuna aliyemuuliza.

Kisha Mwalimu akasema uamuzi ni wetu: nikiacha, sitapata kazi lakini hakuna atakayenilaumu, nikiendelea, kuna masharti. Baba aulizwe kila asubuhi, si mara moja. Na kicheko chetu kisitangulie chake.

Jumapili, 13 Aprili

Dada na mimi tumebishana habari ya sanduku, safari hii tukiwa tumekaa. Anaogopa mapaa, anaogopa maji ya moto. Nimekubali Baba asiende tena kazini peke yake. Yeye amekubali sanduku libaki uvunguni mwa kitanda cha Baba, angalau mpaka yeye Dada aone mwenyewe kama mikono ya Baba bado inaijua kazi. "Nionyeshe," alisema. "Mimi naamini nikiona." Nimemwambia aje studio Jumanne.

Jumanne, 15 Aprili

Asubuhi nilimuuliza, "Baba, leo tunakwenda kupiga picha ya filamu. Unataka?" Akauliza filamu gani. Nikamsimulia tangu mwanzo. Akaenda kunyoa ndevu.

Tulikwenda na sanduku na kipande kirefu cha bomba la plastiki. Dada alikuja na nguo zake za kazi, akakaa kwenye kiti cha nyuma, mikono imefungwa kifuani. Mvua ilikuwa inatwanga bati vibaya sana, kurekodi haiwezekani. Baba akaingia jikoni, akafungua koki, akainama. Safari hii hakuna aliyecheka. Alipoinuka amepauka, "Hili sinki halina bomba!", nikamwambia, "Ndiyo, Baba. Tumekungoja ulifunge."

Akatutazama. Sote tulinyamaza, hakupata uso wa kusoma. Akavua shati jeupe.

Sijawahi kumwona kazini tangu nilipokuwa mtoto wa kumbebea tochi. Alilala chali chini ya sinki. Hakuuliza spana iko wapi, mkono ulikwenda wenyewe. Alipima kwa kiganja, akakata bomba la plastiki, akazungusha tepu kwenye nyuzi zake, akaingiza, akakaza, akarudisha nyuma kidogo, akakaza tena. Hakusita popote. Dada aliacha kiti chake, akaja kuchuchumaa pembeni, na nilimwona akijifuta macho kwa mkono wa gauni. Hakuwa amepakwa kitu chini ya jicho.

Alipomaliza alikwenda kunawa, akapewa chai, akakaa juu ya magodoro na Mwalimu, wakazungumza habari za bei ya saruji. Mvua ikanyesha, ikanyesha. Halafu mchana ikakatika ghafla, tukabaki tunasikia maji ya paa yakidondoka nje tu.

"Upesi," akasema Mwalimu. Mrefu akawasha kamera. Nikasema, "Baba, njoo tumalize."

Akaingia jikoni amevaa shati lake. Akaenda kwenye sinki. Akafungua koki. Akainama, akachungulia, nami nikauma mdomo.

Alibaki ameinama muda mrefu. Kisha akainuka, uso ule ule, macho yamefunguka, midomo imeachana.

"Nani kafunga bomba hili?"

Nikajibu mimi. "Wewe, Baba."

"Mimi?"

"Wewe. Asubuhi hii."

Niliogopa nimemwaibisha mbele ya kamera. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini, akapitisha kidole kwenye maungio, polepole, pande zote. Akafika mahali alipokaza na kurudisha nyuma kidogo. Kidole kikasimama hapo.

"Hii ni kazi yangu," akasema. "Ndiyo. Mimi huwa nafunga hivi." Akalipigapiga bomba. "Kama ni mimi, halivuji. Leteni maji."

Mrefu akaacha kamera ikirekodi, akakimbilia ndoo. Akamimina yote kwenye sinki, na maji yakashuka kwa kishindo ndani ya lile bomba, yakaenda kwenye beseni tulilolitega. Tulichuchumaa sote: Mwalimu, Mrefu, Dada na sare yake, mimi. Tukayakodolea macho yale maungio. Tukangoja.

Hata tone.

Nilitakiwa kusema "kata", nikasahau. Nilikuwa namtazama Baba. Alikuwa bado amepiga magoti, mkono juu ya bomba, hakumtazama yeyote kati yetu. Akacheka. Alianza yeye, sisi ndio tuliofuata.